Santuri Namba 217

Kericho,
14 Julai 1997

Kwa Mama Kimeli,

Salamu nyingi kutoka huku kwa baridi. Mimi ndiye Kepher Oyoo, yule anayefanya kazi ofisi moja na Winny, mtoto wa dada yako. Kitabu chako cha santuri kilinifikia Ijumaa kikiwa kimefungwa na gazeti, kinanukia moshi wa jikoni, na tangu hapo sijatulia. Kazini wananiuliza kama nimepata mchumba.

Kompyuta ya ofisi ni ya kuandika kilo za majani chai. Lakini meneja amenikubalia niitumie Jumamosi mchana, na Mama, hiki kitu ni ajabu. Unaandika nyimbo ovyo ovyo, unabonyeza mara moja, zinajipanga zenyewe kutoka A mpaka Z. Mara ya kwanza nilisimama nikacheka peke yangu.

Habari njema ni hii. Wale watu wa maktaba ya muziki Nairobi wamejibu. Watachukua santuri zote za marehemu mume wako, Mzee Chepyegon, mia nne na kumi na mbili, pamoja na kaseti, waziweke chumba kimoja na jina lake mlangoni. Sharti ni moja tu. Wapate orodha ndani ya disketi kabla ya tarehe thelathini Novemba, na iwe imenyooka: wimbo mmoja, jina moja, namna moja ya kuandika kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ovyo watajichagulia wanazotaka, na zingine zibaki huko Chepilat zikiliwa na panya.

Sasa tusidanganyane, kitabu chako hakijanyooka. Ukurasa wa tatu kuna wimbo kwa herufi kubwa zote. Ukurasa wa saba ni wimbo ule ule kwa herufi ndogo, na maneno "Sehemu ya 2" yameingia katikati ya jina. Ukurasa wa kumi na moja, mahali pa jina umeandika "ule wa harusi ya Roret". Kompyuta haijui harusi ya Roret, Mama.

Kwa hivyo naomba tukubaliane. Jina la wimbo tuandike vile lilivyo kwenye lebo ya santuri yenyewe, ile karatasi ya mviringo ya katikati. Jina la mwimbaji likae safu yake, bendi safu yake, upande wa kwanza na wa pili safu yake. Kwa kaseti, jina la albamu lisichanganywe na nyimbo zilizo ndani.

Kuna jambo lingine, na hili ni langu. Baba yangu, Mzee Okoth, alipiga gitaa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa chai, zamani. Mwaka wa 1968 alirekodi santuri moja tu, wimbo unaitwa "Majani Mawili", akiimbiwa na msichana wa Kikipsigis kwa jina Chemutai. Nakala yetu ilipotea mwaka wa 92 tulipohama huko kwenu mbio mbio wakati wa mapigano. Sasa masikio ya Baba yanafunga. La kulia limekwisha, na daktari anasema la kushoto halina uhakika wa kufika Krismasi. Anataka kusikia wimbo wake mara moja kabla ya mlango kufungwa. Nimetafuta Kisumu, nimetafuta Nakuru, hakuna. Tafadhali niangalizie.

Ni mimi wako,
Kepher Oyoo


Chepilat,
22 Julai 1997

Kwa Kepher,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Barua yako imefika, na matusi yako juu ya kitabu changu pia yamefika. Kitabu hicho alianza marehemu na nikamalizia mimi kati ya kukamua na kupeleka majani kituoni, kwa hivyo ukikuta kimepinda ujue mkono ulikuwa umechoka.

Lakini nitabishana na wewe kidogo. Unasema tufuate lebo. Hizo lebo zilichapwa Nairobi na watu ambao hawakujua hata neno moja la Kikipsigis. Mtu alienda akaimba habari ya ng'ombe wake, akarudi na santuri imeandikwa habari ya shangazi. Marehemu alikuwa akizicheka hapa dukani, alikokuwa akiwapigia wateja santuri, mpaka wanamshangaa. Ukifuata lebo utakuwa na orodha iliyonyooka na yenye uongo.

Hata hivyo wewe ndiye mwenye kompyuta. Nitafanya unavyotaka, kwa sababu mume wangu alikusanya santuri hizi karibu miaka thelathini, na sitaki zitawanyike kama vifaranga wasio na mama. Watoto wangu hawazitaki. Kimeli ameniambia nipangishe chumba cha duka kwa mtu wa kinyozi.

Kuhusu wimbo wa baba yako, nimepitia kitabu chote kwa kidole. Hakuna santuri iliyoandikwa "Majani Mawili". Na Chemutai ni wengi, ukiita sokoni hapa siku ya soko watageuka kumi. Mpe baba yako pole yangu. Masikio ni kitu cha neema.

Winny anakuletea mursik, maziwa yetu ya mgando. Usiache kibuyu huko ofisini.

Mimi,
Bilhah, Mama Kimeli


Kericho,
2 Agosti 1997

Mama Kimeli,

Mursik haikufika Jumatatu, tuliimaliza hapo hapo Ijumaa, na Baba amesema kama Mama huyo angekuwa na binti angenisukuma nije. Nisamehe, ni maneno yake.

Nimemaliza kuandika mia moja za kwanza na nimezichapa. Winny ameshika karatasi kama cheti cha ndoa. Lakini hapo ndipo mambo yalianza kunichekesha. Namba 34 na namba 71 kwenye kitabu ni wimbo mmoja, bendi moja, mwaka mmoja. Nikadhani mnazo mbili. Winny akaniambia Jumapili aliyokuja kwako aliicheza namba 71 na ndani ya kava hiyo kulikuwa na kwaya ya Injili. Mama, kumbe uliandika majina kutoka kwa kava.

Kava zinadanganya. Mteja anasikiliza tatu dukani, anarudisha hii ndani ya ile. Nakuomba, na najua utanikasirikia, toa kila santuri kwenye kava yake uangalie lebo kwa macho. Zote mia nne na kumi na mbili. Bila hivyo Nairobi watafungua kava ya kwanza, wakute kitu kingine, waseme orodha yote ni takataka.

Baba jana nilimkuta ameegemeza kichwa kwenye redio, sikio la kushoto limegusa kabisa, na sauti iko juu mpaka jirani alikuja kugonga. Aliniuliza kama kuna habari. Nimemwambia bado tunatafuta. Akarudisha kichwa kwenye redio.

Wako,
Kepher


Chepilat,
19 Agosti 1997

Wee Kepher,

Nimekukasirikia. Halafu nikaanza, na sasa siwezi kuacha.

Jioni nikishamaliza ng'ombe nawasha taa, natandika shuka safi juu ya kaunta ya duka, natoa moja moja, napangusa, nasoma lebo, naandika. Nimefika mia moja themanini. Ulikuwa na haki, na nakuambia hivyo mara moja tu, usizoee. Nimekuta ishirini na sita zimelala nyumba zisizo zao. Nimekuta rumba ndani ya mahubiri. Nimekuta ile ambayo marehemu alimfukuzia mteja akisema ameiiba, maskini, kumbe ilikuwa nyuma ya albamu ya tarumbeta muda wote. Huyo mteja yuko hai, na kesho namtumia majani ya chai robo na ombi la msamaha.

Sasa nikusahihishe na mimi. Kwenye karatasi zako umeweka mwimbaji Kipruto wa 1964, santuri nne, na mwimbaji mwingine arap Tanui wa kuanzia 1966, santuri kumi na moja. Hao si wawili. Ni mtu mmoja, na shamba lake linapakana na la kaka yangu. Kwetu mvulana ana jina lake la utoto, na akitoka kutahiriwa anaitwa kwa baba yake. Baba alikuwa Kiptanui, basi yeye ni arap Tanui, na ukimwita Kipruto barabarani leo ni kama umemvua kofia. Alirekodi nne akiwa kijana, akaingia jandoni, akatoka akaendelea. Kompyuta yako imemkata mtu katikati. Angalia vizuri, wako wengi wa namna hiyo.

Kesho naendelea kuelekea mia mbili. Nimeanza kufikiri marehemu ananiona, na anacheka.

Mimi,
Mama Kimeli


Kericho,
30 Agosti 1997

Mama, Mama,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama. Sisi Wajaluo jina lako ni lako mpaka kaburini, ningejuaje! Nimerudi nikaangalia orodha yote na Winny kando yangu ananitajia nani ni mtoto wa nani. Waimbaji tisa nilikuwa nimewakata vipande viwili viwili. Tisa! Wengine wana santuri zao nzuri kwa jina moja na mtu wa Nairobi angedhani walikufa vijana.

Nimeongeza safu mpya. Inaitwa "Jina lingine". Sasa ukimtafuta Kipruto anakuja na arap Tanui, ukimtafuta arap Tanui anakuja na Kipruto, na nyimbo zao zote kumi na tano zimejipanga chini kwa miaka. Nilimwita meneja aje aone. Alikuja na kikombe cha chai mkononi, akasema "Oyoo, hii ni kazi ya watu wa chuo kikuu", akaenda zake, nami nikakaa nikitabasamu saa nzima.

Halafu nikafikiria kitu kikanipiga hapa kifuani. Kama wanaume wanabadilisha jina, wasichana je? Huyo Chemutai wa Baba pengine hatafutwi kwa jina hilo. Pengine aliolewa akawa mama fulani. Pengine aliokoka akapewa jina la Biblia. Nimetafuta miaka miwili mtu ambaye jina lake limekwisha! Winny anasema wewe ni kiongozi wa akina mama kanisani na unawajua wote kuanzia Chepilat mpaka Roret. Waulize kwa upole. Alikuwa akileta maziwa ya kuuza kwenye laini za wafanyakazi, na Baba anasema alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi.

Ukimpata tutakuwa tumepata nusu ya santuri.

Wako mwenye furaha,
Kepher


Chepilat,
26 Septemba 1997

Kwa Kepher Oyoo,

Naleta zilizobaki, kutoka 181 mpaka 412. Zote nimeziandika kama ulivyotaka.

Sitawauliza akina mama wa kanisa habari ya nyimbo za dunia. Wengine waliacha mambo hayo wakiwa wamelia machozi mbele ya watu. Si vizuri mtu kufukuliwa.

Nimekuwa na kazi nyingi, ndiyo maana nimechelewa.

B. Chepyegon


Kericho,
11 Oktoba 1997

Mama Kimeli,

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake. Kama nilikosea kusema mambo ya kanisa, naomba msamaha. Mimi nikifurahi huwa mdomo unakimbia mbele. Winny anasema huugui, lakini hukumpa mursik wala hukumtania juu ya nywele zake, na hapo ndipo nilijua nimeharibu.

Mvua huku haikatiki, umeme unapotea kila siku, na mara mbili nimepoteza kazi ya mchana mzima kwa sababu sikuwa nimehifadhi. Hata hivyo nimefika mwisho. Zote ziko ndani. Nimebonyeza, zikapangika, na nimekuta pengo moja tu katika santuri mia nne na kumi na mbili.

Ni namba 217. Umeandika "Nyimbo za Krismasi", kwaya. Basi. Hakuna upande wa pili, hakuna mwaka, hakuna namba ya kampuni. Zile zingine zote mia nne na kumi na moja umejaza kila safu, hata ile iliyovunjika kingo. Labda lebo imebanduka? Niambie tu nijaze "haisomeki", tutume.

Baba anakusalimu. Ukitaka kumwambia kitu sasa lazima ukaribie, mdomo uguse sikio la kushoto, na uongee sauti nzito. Redio ameizima. Anasema imekuwa kama maji kwenye ndoo. Mimi kwangu nimekubali kwamba hatutaupata wimbo. Ila nimefurahi kwamba kwa ajili ya kuutafuta nimezijua hizi zingine zote, na nimekujua wewe.

Wako,
Kepher


Chepilat,
3 Novemba 1997

Kepher, mwanangu,

Keti kwanza.

Namba 217 si Krismasi. Kava ni ya Krismasi, ya kwaya ya watoto, na ni ile kava ambayo mume wangu alijua sitaifungua kamwe kwa sababu sikuipenda ile kwaya. Usiku wa tarehe mbili Septemba niliitoa kama ulivyoniamuru, nikaipangusa, nikasoma lebo. Imeandikwa "Kericho Twist". Chini yake, "Okoth na Chemutai".

Ni wimbo wa baba yako. Yeye anauita "Majani Mawili" kwa sababu ndivyo tulivyouita. Huko studio waliuliza jina, sisi tukawa bado tunabishana, fundi akajiandikia lake. Ndiyo maana hukuupata Kisumu wala Nakuru. Ulikuwa ukiuliza jina ambalo halijawahi kuandikwa mahali popote.

Nimesema "tulivyouita". Umeshaelewa. Kabla ya kubatizwa Bilhah mimi ni Chemutai.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa napeleka maziwa kwenye laini, baba yako anapiga gitaa mlangoni, nami ninaimba nikingoja kulipwa, mpaka siku moja bwana wa kampuni ya santuri akapita. Hapakuwa na jambo lingine kati yetu, Mungu ananiona. Chepyegon aliisikia santuri hiyo Sotik akanunua. Hakuwa na hata gramafoni. Alinitafuta kwa miguu mpaka Roret, akaniambia amenunua sauti yangu na sasa anataka kujua inakaa kwa mtu wa namna gani. Hiyo ndiyo santuri ya kwanza ya hizo zote.

Mwaka wa 71 nikaokoka. Kule kwetu ukiokoka unataja uliyoyaacha, na mimi nilitaja pombe ya kupika na maneno ya kusengenya. Kuimba sikutaja. Niliona aibu kuliko pombe. Nikamwambia mume wangu avunje santuri ile. Alikwenda nyuma ya nyumba, nikasikia kitu kinavunjika, akarudi akasema tayari. Miaka ishirini na sita nimeishi na neno hilo. Sijui alivunja nini. Sahani labda.

Nilipoikuta nilimkasirikia maiti. Kisha nikalia kwa sababu hakuna mtu atakayenipenda tena namna hiyo. Kisha nikaogopa. Nikairudisha ndani ya Krismasi na kukuandikia uongo, kwa sheria yako mwenyewe: hakuna lebo ya "Majani Mawili", kwa hivyo nilijiambia sijasema uongo Julai, na Septemba nikajiambia kava ni kava. Wewe ukaniletea barua ya kuomba msamaha. Hiyo ndiyo iliyonishinda.

Nimekuwa nikihesabu. Nikinyamaza mpaka Krismasi, sikio la baba yako litafunga na siri yangu itakaa salama. Niliposikia nafsi yangu ikipiga hesabu hiyo, nikajichukia.

Jumamosi tarehe ishirini na mbili nitakuja Kericho na santuri na gramafoni ya betri. Usimwambie baba yako. Na usimwambie Winny, mdomo wake hauna mlango.

Chemutai, ambaye ni Bilhah


Kericho,
10 Novemba 1997

Mama,

Niliketi kama ulivyoniambia. Nilisoma nikapiga kelele, na mhasibu akadhani nimefiwa.

Njoo. Tafadhali njoo. Kama daraja litakuwa limebebwa na maji nitakuja na gumbuti nikubebe mgongoni na gramafoni kichwani. Sijamwambia mtu. Nitanunua betri nane mpya kesho.

Ila nikwambie ukweli usije ukavunjika moyo. Wiki hii Baba hakunisikia mara tatu nikiwa nimemsemea sikioni kabisa. Mara ya nne alisikia. Sijui Jumamosi itakuwa siku ya namna gani.

Kuhusu 217, wewe ndiye mwenye neno. Ukitaka nitume "Krismasi", nitatuma Krismasi na nitanyamaza mpaka nizeeke.

Kepher


Chepilat,
1 Desemba 1997

Kepher, mwanangu,

Nilifika nyumbani salama Jumamosi ile, na matope mpaka magotini. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa na uchungu, na kisha nikawa na kazi.

Wewe ulikuwa unashughulika na betri na kulia, hukuona vizuri, basi nikueleze nilivyoona mimi. Baba yako hakunijua. Aliniamkia kama mgeni, akaniuliza kama ni mimi mama wa mursik. Ukaweka sindano, na Kepher, ile sauti ikatoka, gitaa safi na kale kasichana kakiimba kama hakajawahi kuonywa na mtu. Nikamgeukia. Alikuwa akitazama ile santuri inazunguka, na uso wake haukuwa na kitu. Uliisogeza karibu. Ukaongeza. Akatikisa kichwa akasema, "Nasikia maji tu."

Hapo sikufikiria. Ningefikiria nisingefanya. Nilipiga magoti kwenye saruji yenu, nikamshika kichwa, nikaweka mdomo wangu kwenye lile sikio na kuimba "Majani Mawili" kwa sauti yote niliyo nayo, beti zote tatu, mimi mama wa kanisa mwenye wajukuu sita. Nilipoinua macho mlango ulikuwa umejaa watu wa laini, na Winny tuliyemficha yuko mbele na mkono mdomoni. Na baba yako amekaa vile vile. Macho yamefungwa, kidole kinagusa goti, hajasema neno. Wala hakuniaga nilipoondoka.

Nilirudi nikijua nimejivua nguo bure. Sikio lilikuwa limeshafunga, na nilikuwa nimechelewa kwa zile wiki za kunyamaza. Hilo ni langu, nitalibeba.

Kesho yake Jumapili, kabla Winny hajamaliza kuliambia soko lote, nilisimama kanisani baada ya matangazo. Nikasema, "Kuna Chemutai aliyeimba kwenye santuri mwaka wa sitini na nane. Ni mimi, na sijutii wimbo, najutia kuuficha." Watu wakageuka kunitazama. Kisha mke wa mchungaji, Rebeccah, akauliza kutoka nyuma kama hiyo santuri inaweza kupatikana, kwa sababu mumewe alikuwa nayo na iliharibika. Watu wakacheka mpaka mchungaji mwenyewe akafunika uso na Biblia. Miaka ishirini na sita, Kepher. Nilikuwa namwogopa nani?

Winny anasema disketi iliondoka Ijumaa, na kwamba uliiacha 217 wazi mpaka ukapokea ujumbe wangu. Asante kwa kungoja. Kama ulivyoniambia kwa simu ya posta: jina la wimbo "Kericho Twist" kwa sababu ya lebo, jina lingine "Majani Mawili" kwa sababu ya ukweli, na mwimbaji Chemutai, jina lingine Bilhah Chepyegon. Kama ni kunyooka, sasa kumenyooka.

Msalimie baba yako, hata kama hatasikia.

Mama Kimeli


Kericho,
7 Desemba 1997

Kwa Chemutai,

Mimi ni Okoth. Naandika na mkono yangu mwenyewe kwa sababu Kepher akiandika ataweka maneno mingi.

Huyu kijana amenisomea barua yako, yaani ameandika kwa karatasi kubwa mimi nikasoma. Unasema sikusikia. Nani alikuambia?

Ile santuri sikusikia, ni kweli. Ilikuwa maji. Lakini wewe nilisikia. Nilisikia kila kitu, tangu mwanzo, na mate yako pia iliingia kwa sikio. Nilifunga macho kwa sababu nilikuwa nahesabu gitaa. Kidole ndiyo ilikuwa inapiga. Mtu akihesabu hawezi kuongea. Halafu ulipomaliza watu walikuwa wengi, na mimi ni mzee, sikutaka kulia mbele ya laini. Nilipopata sauti ulikuwa umeshaenda.

Tangu juzi hata Kepher simsikii tena. Imefunga. Usinionee huruma. Kitu ya mwisho iliingia kabla ya mlango kufungwa ilikuwa nzuri, na iko ndani, haina mahali pa kutokea.

Sasa nikuambie ile kitu nimebeba tangu 1968. Kabla ya ubeti wa pili gitaa inazunguka mara nne ndiyo mwimbaji anaingia. Wewe uliingia mara ya tatu. Fundi wa studio alikataa turudie, akasema wakati umekwisha, na santuri ikatoka hivyo, na mimi nikaona aibu mbele ya wapiga gitaa wote wa Kericho. Nilitaka nisikie tena nijue kama ni mimi nilikosa au ni wewe.

Ni wewe. Jumamosi ile uliingia ya tatu tena.

Okoth